Soksi Moja Kutoka Ulaya

Kanoni,
Karagwe, Kagera.
9 Julai 2025

Mpendwa mjukuu wangu Adventina,

Pokea salamu za bibi yako, uliyemsindikiza uwanja wa ndege ukilia kama anakwenda kuzikwa. Sijazikwa. Nimefika, nakula, nalala. Wewe u hali gani? Mumeo Matthias hajambo? Na kitukuu wangu Gloriose ananyonya vizuri, au bado mnampimia maziwa kwenye chupa kama dawa? Mfunike kichwa. Nililisema hilo kila siku nikiwa hapo, na bado nalisema.

Huku sisi wazima. Mguu wangu wa kushoto ulivimba kwa kukaa sana kwenye ndege, mama yako anaukanda kwa maji ya moto na chumvi. Kahawa tunachuma, nyingine imeanikwa. Jua ni kali, na vumbi la barabara limeingia mpaka kwenye sufuria. Mama yako Therese hajambo ila amekonda, na sababu unaijua.

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Darasa la nne la zamani halikuwa mchezo. Shufaa wa dukani Kayanga ataipiga picha barua hii akurushie kwenye simu. Kuongea kwa simu sitaki. Ukinisikia tu unaanza kulia, na mtu anayelia hasikii. Soma polepole mpaka mwisho, kwa maana mwisho ndiko kwenye kazi yako.

Kwanza nikugombeze. Nani alikufundisha kukata tiketi?

Ulijua Jumamosi kuna kikao cha ukoo. Ulijua babu yako mdogo Elipidius ameshaanza kukipima kwa hatua kibanja cha marehemu baba yako, nyumba na shamba lake lote la migomba na kahawa, akisema Dastan aliacha binti mmoja tu, na binti mwenyewe amemezwa na Wazungu, basi mama yako arudi kwao Rugera na kibanja kirudi kwa ukoo. Ndiyo sababu mama yako hakuja kukutunza uzazi, nikaja mimi na magoti yangu. Yeye angetoka hata wiki moja angekuta mtu ameshahamia. Na ulijua kwamba Elipidius hamwogopi mtu ila mimi, mjane wa kaka yake. Nisipokuwepo kwenye kikao, hakuna wa kumjibu.

Uliyajua yote hayo, halafu ukaniwekea saa mbili tu pale Dar, kati ya ndege ya Ulaya na ndege ya Bukoba. Saa mbili, Adventina. Mimi kwenda kanisani tu nahitaji zaidi ya hapo, maana njiani kuna watu wa kusalimia. Tena ndege yenu kubwa ikazunguka juu kwa juu kwa ajili ya mvua, tukachelewa kutua, na hizo saa mbili zikawa moja na kidogo.

Nashuka, nakuta binti amesimama na kiti cha magurudumu na karatasi yenye jina langu. Akaniamkia vizuri, "Shikamoo bibi, mimi naitwa Nusra, nimekuja kukuchukua." Nikamwitikia marahaba, nikamuuliza nani amemwambia mimi mgonjwa. Akasema imeandikwa kwenye tiketi. Kumbe ni wewe. Uliandika bibi yako hawezi kutembea, na hukuniambia.

Mjukuu wangu, wewe umezaliwa Kanoni. Unajua nani hurudi nyumbani akibebwa. Ni mgonjwa asiye na tumaini, au maiti. Mwanamke aliyetoka kwake kwa miguu yake hurudi kwake kwa miguu yake. Nikamwambia Nusra akamtafute kilema wake. Nikatembea.

Nilitembea mpaka kwenye ukumbi wa kugonga paspoti, na pale nikaona adhabu yangu. Ndege tatu zilikuwa zimetua kwa pamoja. Watu walijaa kama siku ya mnada, na mstari unapinda na kurudi, unapinda na kurudi, unadhani umefika mbele kumbe umerudi ulikotoka. Mbele yangu walikuwa watalii, kila mmoja anatafuta karatasi yake mfuko kwa mfuko. Mguu ukaanza kuniwaka. Nikaanza kuhesabu vichwa, nikaacha.

Nusra hakuwa ameenda mbali. Akaja na kiti chake, akainama, akaniambia kwa sauti ya chini, "Bibi, kiti hiki hakiulizi kama unaumwa. Kinauliza ndege yako ni saa ngapi."

Nikamtazama. Nikamwambia, "Una mdomo wewe."

Akasema, "Nimelelewa na bibi."

Nikakaa. Ndiyo, nilikaa, na usicheke. Nilijifunika kanga mpaka usoni ili asinione mtu wa Kagera, na tukapita pembeni, kuna dirisha lao la wazee na wenye watoto wachanga. Afisa akagonga muhuri kabla sijamaliza kumsalimia.

Basi nikadhani tumepona. Hapo ndipo mumeo alipoingia.

Uliniambia mzigo utabadilisha ndege wenyewe. Haukubadilisha. Nusra akasema tiketi zangu ni mbili tofauti, kwa hiyo sanduku nilichukue mwenyewe, nilipitishe forodha, kisha nilipeleke jengo jingine la ndege za ndani. Tukasimama kwenye ule mkanda unaozungusha mizigo. Mimi sanduku langu nililifunga kitambaa cha kitenge chekundu kwenye mpini ili nilijue. Nikasubiri kitenge. Masanduku yakapita, yakarudi. Watu wakachukua yao wakaondoka. Kulikuwa na moja limezungushiwa nailoni ya kijani mwili mzima, likapita mbele yangu mara nyingi, na kila likipita nasema kimoyomoyo, mtu gani mjinga amevisha sanduku sanda.

Nusra akawa anatazama saa. Akasema, "Bibi, tuliache. Tuandikishe limepotea, watakuletea Bukoba. Ndege haitakungoja."

Nikamwambia siendi bila sanduku. Akanibembeleza. Nikamwambia tena siendi.

Najua na wewe ungesema niliache. Ungesema ni nguo tu na chokoleti. Sasa sikiliza jambo usilolijua.

Kitovu cha Gloriose kilipodondoka, wewe ulikuwa umelala. Matthias alikishika kwa karatasi ya chooni akaelekea kwenye pipa la taka. Nikamkamata mkono. Kijerumani sijui na yeye Kiswahili hajui, lakini jicho langu alilielewa. Nikakikausha dirishani, nikakitia kwenye soksi moja ya mtoto, nikaifunga fundo, nikaiweka katikati ya sanduku. Ndiyo ile soksi uliyoitafuta siku mbili ukasema mashine ya kufulia imeila. Sikukuambia, kwa sababu ungeniuliza maswali ya hospitali. Tena mngekizika wapi? Mnakaa ghorofa ya nne. Mngekizika kwenye chungu cha maua?

Mtoto wa kwetu kitovu chake kinarudi mgombani. Cha baba yako kiko pale nyuma ya jiko, na chako kiko karibu nacho. Mtu asiyezikiwa kitovu popote, popote wanamfukuza. Na kibanja kisicho na kitovu kipya, watu kama Elipidius wanakiita pori. Unaelewa sasa kwa nini nisingeweza kuacha sanduku? Kufika kwenye kikao bila kitovu hicho ni kufika kupiga kelele tu.

Ile nailoni ya kijani ikapita tena. Nusra akaniuliza sanduku langu lina ukubwa gani. Nikamwonyesha kwa mikono. Akalishika lile la kijani, akachana nailoni kwa ufunguo wake, na kitenge changu chekundu kikatoka. Mwambie Matthias asante kwa kuogopa wezi. Mwambie pia kwamba mtu hagusi mzigo wa bibi kabla ya kumwambia bibi.

Forodha hawakutusumbua. Nusra akanisukuma nje, akasimamisha gari la uwanjani, akamwambia dereva maneno nisiyoyasikia, tukakimbizwa jengo la pili. Kaunta ya Bukoba kijana alikuwa anakusanya karatasi zake. Akasema, "Mzigo hauingii tena, bibi, umeshafungwa. Mtu anaingia."

Nikaliangusha sanduku chini, nikalifungua mbele za watu. Makoti uliyowanunulia wajomba, chokoleti, viatu vya mama yako, sabuni za harufu, vyote vikatazama juu. Nikaingiza mkono, nikatoa soksi. Nikamwambia Nusra, "Hayo mengine mtayatuma mkipata nafasi."

Akashangaa. "Bibi, unaacha sanduku zima unachukua soksi moja? Kuna nini humo?"

Nikamwambia, "Kuna mtu."

Akanisukuma mpaka mlangoni mwa ndege, nikainuka, ngazi nikapanda mwenyewe. Niliweka soksi kifuani, na nadhani tulikuwa tumeshapita Mwanza ndipo moyo wangu ulipotulia. Bukoba nikamkuta Shaaban, mume wa Shufaa, ananingoja na gari. Akatazama mikono yangu, akatazama nyuma yangu, akaona aibu kuuliza.

Sitakuficha, aibu niliipata. Majirani walikuja jioni hiyo kuniona natoka Ulaya, wamevaa vizuri, na watoto wamenawishwa nyuso. Sikuwa hata na peremende. Nikawaambia mzigo uko njiani, nikaona wanavyotazamana. Wamezoea kusikia hivyo kwa waongo.

Alfajiri ya Jumamosi nilimwamsha mama yako. Nilipofungua fundo alielewa bila kuambiwa, akakaa chini kwenye majani makavu akalia. Nikamwacha alie kidogo, kisha nikampa jembe. Tulizika chini ya mgomba wa matoke uliozaa mwaka huu, pembeni ya chako, tukarudishia majani juu. Nikamtaja Gloriose kwa jina lake na jina la baba yako.

Watu wakaja, wakakaa kwenye nyasi tulizotandika, kahawa ya kutafuna ikazungushwa. Elipidius akaanza na utani, unamjua. "Shemeji, watu hutoka Ulaya na masanduku. Wewe naona umetoka na mguu uliovimba."

Nikawaacha wacheke. Kisha akasema yake: kibanja hakikai bila mtu, Dastan hana mtu, Therese ni mgeni aliyefiwa. Alipomaliza nikasimama, nikasema Dastan ana mjukuu, na kitovu chake kimelala pale, tena umande wa leo umekikuta.

Akaruka. Akasema mtoto wa binti ni wa kwa baba yake. Nikamwambia, "Basi nenda kwa baba yake ukaulize kibanja chake kiko wapi. Ni ghorofa ya nne, lifti imeharibika, chukua fimbo yako."

Wakacheka tena, safari hii si mimi waliyemcheka. Lakini mzee Yustus, anayeongoza kikao, yeye hakucheka. Aliuliza kama kimeshazikwa. Nikasema kimezikwa. Akatoka, akaenda kuona mwenyewe, akarudi, akakaa. Mwisho akasema kitovu hakifukuliwi. Therese hatoki. Atakaa kwenye kibanja kama mama wa mwenye kibanja.

Usishangilie bado. Elipidius hakushindwa kabisa, na alichosema baadaye kilikuwa kweli, ndiyo maana kiliniuma. Alisema, "Kitovu kimekuja, sawa. Mwenyewe je? Au tutalima tukimlindia mtu wa kwenye picha?" Wazee wakaitikia. Mzee Yustus akanigeukia, akaniuliza mbele ya wote: Adventina atakuja kusimama kwenye kibanja hiki na mtoto wake, au hatakuja? Kama hatakuja kabla ya mavuno mengine ya kahawa, watakaa tena, na safari hiyo hata mimi sitakuwa na la kusema.

Mama yako alikuwa ameinamisha kichwa. Nikajibu, "Atakuja."

Hukunituma nijibu hivyo. Kule kwako, kila nikikuuliza habari ya kurudi, ulinijibu kuhusu kazi, na likizo, na hali ya hewa. Nilisikia. Mimi si kiziwi. Lakini nisingeweza kusimama mbele ya Elipidius nikasema sijui.

Kama unakuja, kata tiketi moja kutoka mwanzo hadi mwisho, na Dar ulale. Ukiwa na mtoto mgongoni, usikubali kubanwa saa na mtu yeyote. Sanduku lilifika juzi, chokoleti zimeyeyuka zikagandana, watoto wamezilamba hivyo hivyo na majirani wameanza kunisalimia vizuri.

Wasalimu Matthias, na mwambie simchukii. Mama yako anakusalimu, amevaa viatu ulivyomletea na vinambana, lakini hatakuambia. Shufaa na Shaaban wanakusalimu. Hata Elipidius anakusalimu, alisema nisisahau, na nimetimiza. Nusra namba yake ninayo, Shufaa atakurushia pamoja na barua hii. Mpigie umshukuru kwa kinywa chako.

Mungu akulinde huko kwenye baridi, akupe maziwa ya kutosha na usingizi, na mtoto akue akiwajua watu wake.

Adventina, nimekusemea mbele ya ukoo wa baba yako. Tangu niolewe hapa hakuna aliyewahi kunishika uongo. Nijibu kwa neno moja.

Wako akupendaye hata anapokufokea,
Bibi yako,
Adelgunda