Baba Alivyoikagua Nyumba kwa Nyayo

Cedar Fork, Arkansas
14 Oktoba 1998

Mpendwa Kaka Harlan,

Pokea salamu zetu kutoka huku milimani. U hali gani na baridi ya Alaska? Na goti la wifi Lurleen, limepata nafuu? Sisi tu wazima. Baba anakula vizuri, na ubishi wake uko palepale.

Nyumba tuliyoagiza kiwandani imefika, Kaka! Imekuja vipande viwili juu ya malori, upande mmoja wazi umefunikwa plastiki, na mapazia tayari yananing'inia madirishani. Nilisimama barabarani mdomo wazi. Kufika jioni mafundi walikuwa wameviunganisha, hata huoni vilipokutana. Mpaka leo siamini.

Ulipoondoka Baba alikuwa bado anaona kidogo. Sasa haoni hata mwanga. Katika nyumba ya zamani alitembea bila fimbo, maana kila ubao aliujua. Akaniapia, "Delphia, nikipotea ndani ya hiyo mpya, nipeleke kwenye makao ya wazee. Sitaki kushikwa mkono kwenda chooni." Nilikosa usingizi wiki nzima.

Alhamisi akaja Bwana Coy wa kampuni iliyotuuzia na karatasi ya ukaguzi. Nikishatia saini, malipo ya mwisho yanatoka na nyumba ni yetu, mbovu au nzima. Nilifungua mabomba, nikawasha taa, nikafunga na kufungua kila mlango. Kila kitu kinang'aa. Nikashika kalamu.

Baba akavua viatu. Akatembea polepole, mkono ukutani, akasimama karibu na mlango wa jikoni.

"Hapa panateremka."

Coy akacheka. "Mzee wangu, jana pimamaji ilisema pako sawa."

"Basi kipofu ni pimamaji yako, mwanangu, si mimi."

Coy akakilaza hicho chombo cha kupimia usawa sakafuni ili amkomeshe. Kipovu cha hewa ndani yake kikakimbilia pembeni. Akatambaa chini ya nyumba, akatoka ana tope mpaka masikioni, wala hacheki tena. Nguzo moja inayobeba nyumba ilikuwa imezama kwa mvua ya usiku. Moja tu kati ya zaidi ya arobaini, Kaka, na nyayo za Baba ziliisikia!

Jana, baada ya mafundi kuiinua na kuiwekea msingi mpana, alivua viatu tena. Nikamfuata mikono mbele, tayari kumdaka.

"Delphia, hebu ondoka huko nyuma, unanipumulia shingoni."

Nikabaki sebuleni. Nikasikia kabati linafunguliwa, kisha bomba. Akarudi peke yake na glasi ya maji imejaa pomoni. Halikumwagika hata tone. Akaninyooshea.

"Kunywa, halafu utie saini."

Nililia, sikufichi.

Msalimie sana Lurleen, na watoto, Dwayne na Patsy. Mungu awakinge na baridi hiyo. Baba anasema ukija usiingie tu kama zamani. Ugonge mlango, atakuja kukufungulia mwenyewe.

Ni mimi dada yako nikupendaye siku zote,
Delphia