Programu ya Kusikilizia Kanda za Baba

Ilomba, Mbeya
6 Julai 2025

Kwa dada yangu Verediana,

Shikamoo dada. Kamwene. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Iringa, na kwamba lile goti sasa limekubali dawa. Sisi huku tu wazima, ukiacha baridi ya mwezi huu ambayo haina adabu kwa mtu wa miaka hamsini na moja. Wifi yako Tupokigwe anakusalimu sana. Anasema viazi mwaka huu vimeitika, ukipata mtu wa kuvibeba useme.

Simu yako ya mwezi wa pili niliipokea, na swali lako ninalo. Uliniambia mwanao Goodness amekununulia kompyuta ya mezani, nawe unataka programu moja nzuri ya kusikilizia muziki wako wote, zile kwaya ulizonunua kwenye CD pamoja na nyimbo za marehemu Baba nilizozihamisha kutoka kwenye kanda zake. Ukasema pia, bila mimi kuuliza, kwamba kanda namba kumi na nne nisikuwekee, na kwamba tarehe ishirini na tatu Agosti, tutakapomjengea Baba kaburi, tusikutegemee. Jibu nimelianza mara nyingi. Nitatangulia na programu kwa kuwa hiyo ndiyo naiweza.

Unanijua, mimi sina haraka. Kituoni Uyole tukipata mbegu mpya hatuisifii kwa mdomo, tunaipa tuta lake na msimu wake, kisha tunaangalia. Programu nazo nimezifanyia hivyo hivyo. Zilikuwa nne, kila moja nikaipa wiki tatu, kwa nyimbo zile zile mia nne na kumi na mbili. Tupokigwe alisema hata mtu anayechagua mke hachukui muda huo. Nikamjibu kwamba mke nilichaguliwa na shangazi. Hakucheka.

Ile iliyokuja na kompyuta yenyewe inapanga kila kitu kwa jina la msanii na jina la albamu. Baba hakuwa na albamu. Alikuwa na makasha ya kanda yaliyoandikwa tarehe, kigango, na nani alikosa mazoezi. Kwa hiyo kwaya nzima, sauti zote nne, ikawekwa chini ya jina moja: Msanii Hajulikani. Mtu aliyefundisha kwaya za vigango saba vya parokia kwa miguu, mvua na jua, amefika kwenye kompyuta hajulikani. Nikaifuta.

Ya pili ilikuwa na bidii kupita kiasi. Kila ukiifungua inakimbilia intaneti kutafuta majina ya nyimbo, inakula bando, na ikikosa inakisia. Nyimbo za Kwaresima za kigango chetu ilizibandika picha ya vijana wanne wa Ulaya wenye magitaa na nywele za mabegani. Watoto walicheka sana, mimi nikakaa siku mbili kurudisha majina. Programu yoyote itakayokuomba ruhusa ya kukupangia nyimbo zako, dada, ikatalie. Mgeni akianza kupanga vyombo vyako, hutaviona tena.

Ya tatu ilinipendeza. Ni nyepesi, kompyuta ya zamani haihemi, na folda inaziacha kama ulivyozipanga. Nilikaribia kukuandikia kwamba ndiyo hiyo. Ina tabia moja ambayo kwanza niliiona ni sifa: ikikuta ukimya wa sekunde kumi inahesabu kwamba wimbo umekwisha, inaruka kwenda wa mbele. Kwa kanda kuukuu zenye nafasi tupu nyingi, niliona inaniokolea muda.

Ya nne ni mbaya kwa sura, kijivu tupu, haina hata picha. Inacheza kilichomo mwanzo hadi mwisho, ukimya pamoja, haiulizi wala haishauri. Hiyo ndiyo niliyoichagua, na ndiyo nimekuwekea kwenye flashi iliyomo humu kwenye bahasha. Faili lake ni la kwanza juu kabisa, Goodness ataiweka kwa dakika tano. Nyimbo ziko kwenye folda kwa namba za kanda, na maneno aliyoandika Baba juu ya makasha nimeyanakili kama yalivyo, pamoja na wale waliokosa mazoezi.

Kanda namba kumi na nne nayo nimeiweka. Nakuomba usiifute kabla hujamaliza barua hii.

Jumapili moja ya mwezi wa tano nilikuwa napiga pasi huku programu hiyo ya nne ikicheza kanda zote kwa mfululizo. Ikafika namba kumi na nne. Likaja lile dansi la redioni unalolijua, likaisha, ukafuata ukimya wa dakika mbili na ushee. Nilikuwa nanyanyuka kwenda kuzima, ndipo wewe ukaanza kuimba. Ni ubeti wa mwisho wa ule wimbo wa Pasaka ya mwaka themanini na nane, wewe peke yako juu na wenzako chini yako. Inafika sekunde arobaini. Kisha Baba anasikika akiwaambia wanakwaya kwamba huo umekaa, usiguswe tena. Niliunguza shati.

Miaka yote hii umeamini kwamba Baba alikufuta. Ulipopata mimba ya Goodness akakutoa kwenye kwaya, hilo ni kweli, na sitalitetea. Lakini Krismasi ya themanini na tisa uliporudi nyumbani na mtoto mgongoni, ukaomba usikie wimbo wako, Baba aliinuka mwenyewe akaitia kanda kwenye redio, nayo yakatoka magitaa. Ulimwambia amekufuta kama mwalimu afutavyo ubao. Alinyamaza, nawe ukachukua kule kunyamaza kuwa ndiyo jibu. Tangu siku hiyo hukula tena nyumbani kwake. Mwaka juzi kwenye maziko ulisimama nyuma kabisa, ukaondoka bila kutupa udongo.

Aliyerekodi juu ya sauti yako ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi na nne, Jumamosi Baba amekwenda kigangoni, redioni kuna kipindi cha dansi na mimi sina kanda tupu. Namba kumi na nne haikuandikwa jina la wimbo, tarehe tu, nikaona haina maana sana. Ila siwezi kusema sikujua kitu. Baba alikuwa ameshavunja vile vijino viwili vya nyuma ya kanda, ili redio isikubali kurekodi juu yake tena. Katika kanda zake zote, hiyo peke yake ndiyo aliifanyia hivyo. Nilitafuna karatasi ya daftari, nikaziba matundu, redio ikakubali, ila nilichorekodi kilikwisha kabla ya kuufikia ubeti wako wa mwisho.

Siku ile ya Krismasi aliitoa kanda, akaigeuza, akaiona karatasi yangu. Akanitazama mara moja, kisha akaitia mfukoni na kukuacha useme yote uliyoyasema. Hakuniuliza siku ile wala siku nyingine yoyote. Nadhani alikuwa ananingoja niseme mwenyewe. Alingoja miaka thelathini na minne, mimi nikamzika nikiwa bado sijasema. Naona aibu, dada. Nimekuandikia habari za programu kurasa mbili nzima kwa sababu ya aibu hiyo.

Mdogo wetu Ezekia anasema kwa desturi ya nyumbani tofali la kwanza la kaburi hulishika mzaliwa wa kwanza, na bila wewe mafundi watakaa tu. Yeye nimeshamweleza yote. Alisema barua niiandike kwa mkono wangu, nisimtume mtu. Sikuombi msamaha humu, huo nitauomba nikiwa mbele yako siku utakayoniruhusu. Ninachoomba ni kwamba hasira uliyompa Baba uitoe kwake uilete kwangu, maana ni yangu. Sauti yako ameihifadhi yeye, nami ndiye niliyeifuta. Nenda ukamshikie tofali lake. Na kama utaona siku hiyo huwezi kusimama mahali nilipo, nitumie neno moja tu, nami nitabaki Mbeya.

Goodness umsalimie, na majirani wote wanaoniulizia. Tupokigwe na watoto wanakutakia afya. Goti ulipake dawa asubuhi pia, si jioni peke yake.

Ni mimi mdogo wako,
Vitus