Jiko Ulilolizima

Mke mwenzangu, Mama Zaina,

Jana tumekusomea arobaini. Watu wamekula, wamekuombea, wamerudi makwao, na leo kuna ule utulivu wa nyumba iliyofagiwa baada ya wageni. Nimekaa kizingitini kwako na kalamu. Najua ungesema nini: huyu tulishinda naye kutwa nzima hakumaliza maneno, leo ndiyo anaandika? Ndiyo, naandika. Mimi nilivumilia kisomo cha watu wazima mpaka nikajua, wewe ukakimbia siku ya pili kwa kuwa mwalimu alikuwa mdogo kuliko mwanao na akakuita mwanafunzi. Basi nitakuja kukusomea mwenyewe, upende usipende.

Nianzie tulikoanzia, ingawa hapakuwa pazuri. Mimi ni mtoto wa Kwashemshi, huko milimani maji yanapita nyuma ya nyumba, unakinga ndoo huku unapiga soga. Baba Zaina akanioa akanishusha huku Kwedizinga. Asubuhi ya kwanza nikaenda na wenzangu lamboni, kwenye bwawa la mvua, nikakuta maji ya rangi ya chai ya maziwa, na mbuzi wamesimama ndani. Nikauliza ni nani aliyefulia pale. Wewe ulikuwa umeinama unateka. Hukugeuka. Ukasema, "Hayo ndiyo ya kunywa." Yakawa ndiyo mazungumzo yetu ya miezi. Sikulaumu, dada yangu. Nani angempigia vigelegele msichana aliyeletwa na mumewe? Kila mmoja alikuwa na nyumba yake, na jiko lake, na mafiga yake matatu, na moshi wangu na wako ulipanda jirani bila kusalimiana.

Halafu ikaja amri ya kuhamia kijijini. Wewe ulilia ulipoacha mihogo yako shambani ikiwa haijakomaa, mimi nilijifanya sikuoni. Tukapangwa kwenye mistari, nyumba zetu mbili zikawekwa ubavu kwa ubavu, lambo likiwa chini na kilima kikiwa juu yake. Wote tulikata miti ya kile kilima kujengea. Waliobaki na shoka wakaendelea kukata kuchoma mkaa wa kupeleka Handeni mjini. Mvua ikinyesha, udongo wa kilima ulikuwa unashuka wenyewe kukaa lamboni, na kila kiangazi maji yalizidi kuwa mapana na mafupi. Mtoto aliweza kuvuka na nguo zisilowe.

Ndipo mwenyekiti alipoitisha mkutano kwenye ghala la pamba. Akasema lambo lazima lichimbuliwe tope, na kila mtu atachangia kwa mikono yake. Nakumbuka alivyojivuna. Mkoloni, alisema, alihesabu vichwa. Maskini na tajiri walilipa kichwa kile kile, na asiyekuwa nacho alifukuzwa porini kama ngiri. Sisi hatuhesabu vichwa. Sisi tutahesabu majiko. Kila jiko litapewa kipande chake cha lambo, likizoe tope mpaka likimalize. Ghala zima tukapiga makofi. Na mimi nilipiga, na mimba yangu ile mbele.

Baba Zaina peke yake ndiye hakupiga. Neno kipande lilimkaa vibaya. Enzi za kodi ya kichwa alikamatwa hana cha kulipa, akapelekwa Korogwe kukata mkonge kwa kipande cha kila siku, na huko ndiko alikoacha mgongo wake. Tangu nimjue alikuwa hawezi kuinua hata ndoo. Tulipotoka ghalani alisema taratibu, kama anajisemea, kwamba yeye haoni tofauti, labda sisi tunaoona tumweleze. Hakuna aliyemweleza. Mpaka tulipoanza kupiga hesabu za nyumbani. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa na zizi la ng'ombe waliokuwa wakiingia lamboni asubuhi na jioni, na mke mmoja, kwa hiyo jiko moja, kipande kimoja. Yule mjane wa mwisho wa mstari, mwenye kuku na watoto tu, jiko moja, kipande kimoja. Sisi, kwa kuwa mume alikuwa na wake wawili, majiko mawili, vipande viwili. Na mume hana mgongo.

Nikaenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi kumwonyesha tumbo. Alikuwa mtu mwema, sikatai. Akaniambia anasikitika, lakini yeye hakuandikiwa tumbo, ameandikiwa majiko, na moshi anauona kila alfajiri akipita. Nikarudi nikakaa chini nikalia. Uchungu ulikuwa karibu, kiangazi kimekaza, na lile tope nilikuwa nimeliona linavyomeza watu magoti.

Asubuhi yake nikasikia kishindo mlangoni. Ulikuwa wewe, chungu kichwani, mwiko mkononi, unga wa muhogo, bada, kwenye ungo. Ukaingia bila hodi, ukatua vitu vyako kando ya mafiga yangu. Nikadhani umekuja kugomba. Ukasema, "Nimezima kwangu. Kuanzia leo sisi ni jiko moja, na kipande nitakizoa mimi. Wewe kaa, ujifungue."

Wewe ulikuwa mke mkubwa. Huku kwetu mafiga ya mwanamke hayapoi mpaka aachwe au afe, na wewe uliyazima mwenyewe, kwa ajili yangu niliyekuja kukupunguzia mume. Kama kuna aliyestahili kuhamisha chungu chake ni mimi, bibi mdogo. Nilipokwambia hivyo ulinikata: wenye mimba hawahamishwi, na tena moshi wako ulikuwa unaingia chumbani kwangu, basi ni heri uingie mmoja. Ndivyo ulivyokuwa, jambo kubwa ulilifunika kwa neno dogo la dharau ili mtu asipate nafasi ya kukushukuru.

Maneno uliyoyapata, mimi nayajua. Walisema umeachwa. Walisema nimekuroga kwa dawa za milimani. Yule jirani yetu wa nyumba ya tatu, Mungu amsamehe, alisimama lamboni kwenye watu akauliza, "Mwanamke asiye na jiko, siku akifa watu watakula kwa nani?" Ulikuwa umebeba karai la tope. Ulipita tu, na tope linakutiririka shingoni. Lakini usiku ule hukula, na mimi nilikuona.

Sefu akazaliwa. Ukamwogesha wewe, ukamfunga wewe, na ukadai kwamba ana pua yako.

Lakini wenzetu nao wana macho. Waliona nyumba mbili zimetoa kipande kimoja na balozi hana la kusema. Kilichofuata unakijua. Wana waliooa wakarudi kula kwa mama zao. Ndugu waliokuwa hawasemezani wakapatana ghafla. Bibi mmoja akazima jiko lake akawa analetewa uji kwa majirani wanne kwa zamu. Balozi alfajiri anatazama mistari, moshi mmoja huku, mmoja kule, kama kijiji kimehamwa. Tulicheka, mimi na wewe, tulicheka mpaka Sefu akaamka. Hatukuona kwamba kila jiko lililozimwa lilikuwa kipande cha lambo kilichoachwa na tope lake.

Mvua zikaja zikashusha udongo mwingine. Kiangazi kilichofuata lambo lilikauka mapema kuliko watu walivyopata kuona. Tukawa tunatoka na ndoo gizani tunarudi jua la utosi. Yale yaliyobaki katikati yalikuwa ya ng'ombe na sisi pamoja, na Sefu akayanywa. Akaanza kuharisha. Ulimbeba wewe mgongoni kwenda zahanati, mimi nikifuata nyuma, na njia nzima ulikuwa unamwita jina lake ili asilale. Alipona. Lakini tuliporudi ulikuwa mtu mwingine. Uliniambia, tukiwa tumekaa hapa nilipo sasa, kwamba wewe ulidhani umeniokoa na tope, kumbe tope umelihamishia tumboni mwa mtoto. Nikakwambia si wewe, ni wao. Ukatikisa kichwa.

Mkutano wa pili mwenyekiti alikuja na hasira. Akasema kuna wahujumu wamelikausha lambo kwa kuzima majiko, na akakutaja wewe wa kwanza. Mama Zaina ndiye aliyeanzisha. Wote waliozima wasiuziwe sukari, sabuni wala kanga kwenye duka la ushirika mpaka wawashe majiko yao na kuzoa vipande vyote vya nyuma. Baba Zaina akajaribu kusimama, mgongo ukamrudisha. Kuhesabiwa mhujumu siku zile haikuwa lugha ya utani, familia nzima ingeweza kuondolewa.

Ukasimama. Wanawake tulikuwa tunakaa nyuma karibu na marobota, na hakuna aliyepata kusema pale zaidi ya kupiga vigelegele. Ukajifunga kanga vizuri, ukamsalimu mwenyekiti shikamoo, kwa heshima zote, kisha ukasema maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nasisimka.

"Kuzima nimezima, sikatai. Lakini mwenyekiti, jiko halinywi maji. Wanaokunywa ni sisi na mifugo, na mwenye mifugo mingi ndiye anayekunywa sana. Mnamtoza asiyekunywa."

Hukukaa. Ukaendelea kwa sauti ile ile ya kawaida, kama unaelekeza mtu njia. Tope halioti lamboni, linatoka kilimani, basi anayekata mkaa kule juu naye azoe, au aache kukata. Mwenye mimba na mgonjwa wasizoe. Na ile saruji iliyonunuliwa kwa pamba ya shamba la kijiji kwa ajili ya ofisi, ofisi ingoje. Kijengwe birika la kunyweshea ng'ombe pembeni, wasiingie tena ndani ya maji ya watoto. Mkutano, ulisema, umefanyika ghalani miaka yote na haujanyeshewa.

Mwenyekiti akasema hayo ni maneno ya kuleta utengano kati ya wafugaji na wakulima. Akawageukia wafugaji, akitegemea wamuunge mkono. Akainuka Mzee Koinet, yule Mmasai wa bondeni aliyekuwa na ng'ombe wengi kuliko sisi wote. Akasimama kwa fimbo yake, akitafuta Kiswahili. Akasema ng'ombe wake wanakunywa, kweli, na kwato hazina jiko, kwa hiyo mwaka wote ule hakuna aliyemuuliza kitu. Aliona aibu kukaa kimya. Ataleta vijana wake na punda wa kubeba tope, kwa kadiri ya ng'ombe zake. Akamtazama mwenyekiti. "Na wewe utaleta?"

Ndiyo, alileta. Angefanyaje? Vipande vikapangwa upya, mwenye zizi kubwa kipande kikubwa, mwenye kuku kizoleo kidogo, mjane wa mwisho wa mstari akaambiwa apike uji wa wachimbaji. Birika likajengwa kwa saruji ya ofisi. Kilima kikaachwa, na wachoma mkaa wakalalamika mpaka wakachoka. Sio kwamba kila kitu kilinyooka. Kuna mwaka walianza tena kukata kule juu usiku, na ofisi ilipokuja kujengwa baadaye hatukukosa kusikia kwamba ilichelewa kwa sababu ya wanawake. Lakini ni katika lambo lile Sefu alijifunzia kuogelea, na mama yake nilimchapa kwa furaha.

Jioni ya mkutano nilichukua kaa la moto kwenye kigae nikakuletea. Mafiga yako yalikuwa pale pale, yamefanya utando wa buibui. Nikasema sasa hakuna wa kukuhesabia moshi, washa. Ukalitazama lile kaa, ukanirudishia. "Acha. Nimezoea kula na wewe." Basi. Tukapika jiko moja mpaka Baba Zaina akatutoka, tukapika jiko moja mpaka tukabaki vikongwe wawili tunaogombania chumvi. Na mafiga yako hukuyang'oa kamwe. Nilikuwa nikikuta umeyafagia, nikadhani ni usafi tu.

Majuzi kijiji kiliitishwa kwa ajili ya bomba la maji. Kijana wa ofisini akasema mchango ni sawa kwa kila kaya, ndiyo haki. Nikasimama na fimbo yangu, nikamuuliza kama kaya ya mwenye mashine ya matofali inakunywa sawa na yangu. Aliguna. Wamekwenda kufikiri upya. Nilitamani nikugeukie nikuone unavyojifanya husikii.

Sasa ya jana. Wasichana walitaka kuweka masufuria ya arobaini kwangu, maana ndiko kwenye jiko. Nikawakatalia. Nikalichukua kaa kwenye kigae kile kile, nikavuka ua, nikapiga magoti na haya magoti yangu mabovu, nikawasha kwako. Kuni zilikuwa mbichi, moshi ukanitoa machozi na sikuyazuia, kwa kuwa wote walidhani ni moshi. Wali umepikwa pale, nyama imepikwa pale. Mjukuu wa yule jirani wa nyumba ya tatu alikuja na sahani yake, akauliza ajipakulie wapi. Nikamwonyesha. Nikamwambia, kwa Mama Zaina.

Jivu bado lina joto. Sijalizoa.

Pumzika, dada yangu.

Ni mimi, bibi mdogo wako, niliyekula kwako.