Mkojo wa Kuazima

Shangazi yangu wa gazetini, shikamoo. Naomba msaada, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanitukana, maana najua utanitukana na nimestahili. Mimi ni mama wa watoto wawili, mume wangu alishatangulia mbele ya haki, nashona sare za shule kwenye karakana, na huu ni mwaka wa tisa naishi na virusi vya Ukimwi. Dawa nilikuwa nameza kila siku bila kukosa, na kila wakipima wingi wa virusi naambiwa havionekani, kwa hiyo nikajihesabu mzima kama wazima wengine, nikasema kama mdudu mwenyewe haonekani, kuna nini tena cha kutafuta mwilini mwangu? Kumbe kipo, Shangazi.

Mambo yalianza miaka miwili iliyopita, siku nesi wa kliniki yetu alipotugawia vikopo akasema kuanzia sasa kila anayemeza dawa hizi atapimwa mkojo mara kwa mara, waone kama figo zinavujisha protini, na atakayeonekana na dalili ndiye atatolewa damu. Wenzangu wakaingia chooni wakatoka. Mimi mkojo sina. Sina kwa sababu ya kazi yangu, maana kwetu tunakaa mstari, mmoja anaunga mabega, mimi naweka kola, wa mbele yangu anatoboa matundu ya vifungo, ukiinuka kwenda chooni mashati yanalundikana kwako na wa mbele yako anabaki mikono mitupu anakusonya, na choo chenyewe ni kimoja kwa wanawake ishirini, kwa hiyo nilishajifundisha zamani kutogusa maji mpaka nirudi nyumbani. Siku hiyo niliomba ruhusa ya nusu siku tu. Nilichuchumaa mle chooni, nikafungua bomba nisikie maji yakitiririka labda nitapata, wapi!

Nje alikuwepo rafiki yangu, tuliyeanza naye dawa wiki moja, ambaye leo kliniki nzima inamwita Mama Mfano. Akagonga mlango akasema, "Wewe, utaota mizizi humo! Lete hicho kikopo." Nikampa. Akajaza cha kwake na cha kwangu. Akaniambia, "Si tunameza dawa moja? Basi mkojo nao ni mmoja." Tulicheka mpaka nesi akauliza kulikoni. Majibu yalipotoka nesi akanisifu mbele ya watu, "Wewe figo zako kama za msichana!" Nami bila haya nikaenda nyumbani nikamwambia binti yangu, mama yako ana figo za msichana.

Tumefanya hivyo mara nne, Shangazi. Ya kwanza ilikuwa shida, ya pili na ya tatu yalikuwa mazoea, maana ilikuwa haraka nami nawahi kazini. Ya nne ndiyo dhambi yangu, kwa sababu siku hiyo mkojo nilikuwa nao, nilishauona una povu, nikauogopa, nikaona bora nipeleke wa mwenzangu ambao najua ni msafi.

Povu lenyewe aliligundua binti yangu. Asubuhi moja alitoka chooni amenuna akasema, "Jamani, nani anamaliza sabuni ya unga humu chooni?" Akamgombeza mdogo wake mpaka mdogo wake akalia. Alipokwisha kulia ndipo nikasema ni mimi, nilikuwa nasugua choo. Nimemwacha mtoto wangu alie kwa kosa ambalo si lake ili mimi nisiulizwe. Povu lile unamwagia maji halikatiki, linarudi. Halafu miguu ikaanza kuvimba, nikivua viatu jioni alama ya mkanda inabaki hapo kama shimo, na asubuhi uso unakuwa umejaa, watu kazini wananiambia umenenepa, hongera. Na mgongo tangu zamani unaniuma kwa kuinama, na dawa yangu ya maumivu ni diklofenaki, vidonge viwili kwa siku, mwaka wa tatu sasa. Pale karakana kila mwanamke anazo kwenye mkoba, tunagawiana kama pipi.

Mwezi uliopita nimekwenda kliniki kuchukua dawa. Mama Mfano sasa ameajiriwa pale, ndiye anayetufundisha sisi wagonjwa tukiwa tunasubiri kwenye mabenchi, na yeye ndiye anayepokea vikopo. Akasimama akasema kwa sauti, "Jamani, figo haina mdomo. Haikuambii naumwa. Ukiona mkojo una povu lisilokatika, ukiona miguu inavimba, usikae nalo, sema!" Macho yetu yakakutana. Akakatisha hapohapo, akaanza kupanga vikopo upya. Mtu mmoja akamwambia endelea, akaendelea, lakini sikusikia tena kitu.

Nikamfuata nyuma ya jengo, wanapoanika mashuka. Nikamwonyesha miguu. Akaiangalia, akageuza uso, akasema, "Hiyo ni cherehani, unakaa mno." Nikamwambia nataka kumwambia nesi ukweli. Akanishika mkono akalia. Akasema, "Mwenzangu, ukisema mimi nimekwisha. Mimi ndiye mfano. Wataniondoa, na wale wote niliowafundisha wataniona tapeli. Nina watoto kama wewe." Kisha akafuta machozi akaniambia siku ya kupima nije mapema, atanijazia. Na mimi, Shangazi, nikaitikia sawa.

Tangu hapo silali. Huyu mtu ndiye aliyenibeba mwaka ule nilipokuwa siwezi kusimama, alininyoa, aliniogesha, ndugu zangu wa damu walipokuwa wanaacha chakula mlangoni. Nitamwangushaje? Na nikinyamaza naanguka mimi. Nimesikia dawa zetu nyingine zinaweza kuchosha figo, kwa hiyo leo ni siku ya nne sijameza, nimeziweka juu ya kabati naziangalia tu. Sijui kama najiokoa au najimaliza. Nimechoka. Wakati mwingine nasema basi, imeshaharibika, nikae kimya nishone kola zangu mpaka mwisho, angalau yeye abaki na kazi yake. Niambie, Shangazi, kama bado kuna cha kuokoa.

Ni mimi, Fundi wa Kola.

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Nimekusoma mpaka mwisho, na nimelia kidogo, sasa nimemaliza kulia, tusemezane.

Kwanza hizo dawa zilizo juu ya kabati. Nani kakupa udaktari? Ni kweli, nimemuuliza daktari ninayemwamini, ipo dawa katika hizo ambayo kwa baadhi ya watu huzilemea figo. Lakini kliniki wanazo nyingine za kubadilisha, na kubadilisha ni kazi yao. Ukiacha mwenyewe, figo zinabaki na ubovu wake na mdudu naye anaamka. Hata virusi vyenyewe vikiachiwa vinaharibu figo. Umekimbia mvua ukaingia mtoni. Zishushe leo, zitie kwenye mkoba, nenda nazo kliniki leo hiihii, uwaambie ni siku ngapi umeacha, wao ndio watakaokupa za kumeza.

Pili, diklofenaki tupa. Wala usimpe mwenzako, tupa! Daktari nilipomsomea hapo kwenye simu alinifokea kana kwamba mimi ndiye ninayevimeza. Vidonge hivyo kila siku kwa miaka mitatu, bila maji ya kunywa, juu ya dawa zako, mwanangu, hata figo za chuma zingelalamika. Na "havionekani" maana yake ni virusi tu. Hakuna aliyekuambia kwamba mwili mzima umekaguliwa. Hilo neno limewalaza wengi usingizi, na hao wanaolisema kliniki wangejitahidi kulifafanua.

Sasa unaniuliza kama kuna cha kuokoa. Sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kile kikopo kiliwekwa kwa ajili ya kukamata jambo hili likiwa dogo, protini inapoanza kuvuja na mtu hasikii hata maumivu, kwa sababu wakati huo dawa hubadilishwa na figo nyingi hupona. Wewe ulipewa nafasi hiyo mara nne. Miguu ikishavimba, wakati ule umepita. Huenda figo zimeharibika nusu, huenda zaidi, huenda kuna kinachoweza kuzuiwa kisiendelee. Mimi sijui, na wewe hujui, kwa kuwa hakuna mtu duniani aliyewahi kuupima mkojo wako. Ndiyo maana sikubali hilo la "imeshaharibika." Umelipata wapi? Umejihukumu bila ushahidi.

Na rafiki yako. Najua alikuogesha. Fadhila kama ile hailipiki, na hata mimi ningesitasita. Lakini alikubeba ili uishi, mwanangu. Ukifa kwa ajili ya kulinda kazi yake, utakuwa umemlipa nini? Utamwachia yatima wawili wa kuwatazama machoni kila siku. Kwa hiyo ukifika mbele ya nesi sema la kwako tu: "Mikojo minne iliyopita haikuwa yangu." Wakikuuliza ya nani, waambie mwenyewe atasema. Usimtaje, usimfiche kwa uongo. Na kama unaogopa kufukuzwa pale kliniki, uoga huo uweke chini. Watakugombeza, watatikisa vichwa, halafu watakutoa damu. Kugombezwa hakujaua mtu.

Wewe Mama Mfano, najua unasoma, maana gazeti hili huwa lipo kwenye mabenchi yenu. Unawafundisha watu kwamba figo haina mdomo, kisha unamziba mdomo mwenye figo! Siku ile ya kwanza ulifanya kwa huruma, nakubali, nami ningecheka pamoja nanyi. Ila nyuma ya mashuka uliiona ile miguu. Uliyokuwa unafundisha dakika tano kabla ulikuwa unayajua. Kama kazi itaondoka, iondoke. Na kama una ujasiri, nenda ukaseme kabla yake, umpunguzie mzigo. Huo ndio mfano watu watakaoukumbuka.

Fundi, nina neno moja la mwisho na ndilo linaloninyima raha. Hukuandika jina, hukuandika namba ya simu, hukuandika hata kliniki yenyewe. Ungeandika ningekupigia siku ileile. Tarehe ya juu ya barua yako inaonyesha ilichukua siku tisa kunifikia, na foleni ya kurasa zetu imeiweka wiki tatu zaidi, hata baada ya mimi kumlilia mhariri. Ulipoandika ulikuwa siku ya nne bila dawa. Leo unaposoma, hesabu mwenyewe. Sijui kama viatu bado vinaingia miguuni. Sijui kama ni wewe unayesoma au ni binti yako ameliokota gazeti hili. Kama ni wewe, acha kusoma, simama. Na kama ni binti, mwanangu, haikuwa sabuni. Mshike mama yako mkono mwende sasa hivi.