Mechi za Nyumbani Zimekwenda Wapi

Jumatano, 22 Oktoba

Vitunguu vimefika rangi ninayoitaka. Nyama imechemka tangu asubuhi. Sufuria kubwa, ile niliyotoka nayo Morogoro, imejaa pilau hadi ukingoni. Nimeifunga kwa khanga mbili na kupanda nayo basi. Watu walisogea wenyewe, harufu iliwatangulia.

Leo mechi ya nyumbani. Timu ni ya wasichana wa chuo anachosoma binti yangu Gladness. Yeye ndiye golikipa. Anaishi hosteli, mimi nipo Kilburn, hapa hapa Landani, kwa hiyo namwona siku za mechi tu, na mechi ni Jumatano. Ndiyo maana nilimwomba meneja wa nyumba ya wazee ninakofanya kazi anipe Jumatano zangu, nami nishike shifti zote za Jumapili. Kwaya imenikosa tangu Septemba. Huu ni mwaka wa mwisho wa Gladness chuoni. Akimaliza anakwenda kaskazini kwa kazi, na huko hakuna Jumatano.

Tumeshinda mbili bila. Nimepiga vigelegele mpaka refa kageuka kutazama kuna nini. Shemeji Boniface, mdogo wa marehemu mume wangu, kapiga dumu lake la mafuta kama kawaida. Dereva wa basi wa Landani, mtu mzima na mvi zake, ukimwona na lile dumu utadhani ametoroka mahali.

Baada ya mechi wageni wamekula wote. Mmoja karudia mara mbili, kisha kaulizia kachumbari. Ndivyo tulivyolelewa: mgeni unaweza kumfunga mabao, lakini haondoki na njaa. Gladness alikula amesimama pembeni peke yake. Amechoka, nadhani.

Jumatano, 29 Oktoba

Mechi ya leo ilikuwa ya nyumbani. Jana jioni ikageuka ya ugenini. Gladness kaandika tu kwamba uwanja umejaa maji, kwa hiyo wanawafuata wenzao kwao. Kwao ni mbali, karibu na bahari. Nikienda siwezi kurudi kwa wakati, na kesho naingia kazini alfajiri.

Mchele nilikuwa nimeshauchambua. Nimekula pilau peke yangu, mbele ya televisheni. Haina ladha ukiila peke yako.

Wamefungwa tatu.

Jumapili, 2 Novemba

Kazini. Bibi mmoja leo aliniuliza kwa nini naimba wakati namchana nywele. Sikujua kama naimba. Ilikuwa ni saa ya ibada.

Boniface kaja jioni, amekasirika. Kaikalia ratiba kama hakimu. Mwanzoni ilikuwa nusu kwa nusu, nyumbani na ugenini, haki bin haki. Sasa ugenini Jumatano iliyopita, ugenini tena Jumatano ijayo. "Shemeji, hii ni hujuma," kasema. "Wanatuchosha barabarani ili tushuke daraja." Nikamwambia hii ni ligi ya wanafunzi, nani ana shida ya kuwahujumu watoto. Kanitazama kwa huruma.

Lakini na mimi sielewi. Kwa nini uwanja wetu tu ndio ujae maji? Mvua ya Landani inachagua?

Jumatano, 5 Novemba

Ugenini. Hii ya leo angalau iliandikwa hivyo tangu mwanzo. Nne bila. Gladness hakupokea simu.

Nimefua mapazia. Sikuwa na sababu ya kuyafua.

Jumatano, 12 Novemba

Nimeaibika leo.

Nilifika uwanjani Queensbury na sufuria yangu. Ratiba ilisema nyumbani. Hakukuwa na mtu. Nyavu hazikufungwa. Mwanamume mmoja alikuwa anatembeza mbwa, na yule mbwa akaja moja kwa moja kwenye pilau. Nikampigia Gladness, simu haikupokelewa. Baadaye kaandika samahani, imebadilishwa jana, alidhani ameshaniambia.

Alidhani.

Nimesimama pale na kitu nisichokitegemea kikaniingia kichwani. Kwetu timu ikifungwa mfululizo watu huita kamati ya ufundi, wale wazee wa nyuma ya pazia wanaojua nani kafukia nini golini. Boniface aliligusia jambo hilo juzi, nikamcheka. Mimi ni Mlutheri, mambo hayo siyajui. Lakini leo, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ananiona, nilikwenda mpaka golini, nikainama, nikaangalia kama udongo umechimbwa. Haukuchimbwa. Nikaangalia na goli la pili.

Kumbe nilikuwa naonekana. Bi Zuhura, yule mama wa Kizanzibari ambaye nyumba yake inatazamana na uwanja, aligonga dirisha akaniita ndani. Pilau tumeila mimi na yeye na wajukuu zake. Hakuniuliza nilichokuwa natafuta golini, na kwa hilo Mungu ambariki. Nikamweleza habari ya maji uwanjani.

"Maji yepi, mwanangu? Mie kila siku nipo dirishani hapa. Pakavu hapo."

Nimerudi nyumbani na sufuria tupu na kichwa kizito. Uwanja ni mkavu. Sasa nani anasema umejaa maji, na anapata nini?

Ijumaa, 14 Novemba

Boniface kapiga simu ofisi ya ligi wakati wa mapumziko yake kituoni. Kaongea na msichana mpole. Kajieleza kama mzazi, mlezi, mdau na mpenzi wa soka. Msichana kamwambia ligi haijabadilisha kitu. Vyuo viwili vikikubaliana kubadilishana uwanja, ligi huandika tu. Na kila mara aliyeomba ni upande wetu.

Upande wetu. Tumeomba wenyewe tukafungiwe mbali.

Boniface sasa anatafuta msaliti kambini. Kikulacho ki nguoni mwako, kasema, akarudia, akakata simu maana basi lilikuwa linamsubiri. Anamshuku kocha. Jioni akamshuku nahodha, kwa sababu eti ana macho ya mtu anayeficha jambo. Yule binti ana makengeza kidogo tu.

Mimi namshuku nani? Nimekaa, nimefikiri, sina hata mtu mmoja.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimempigia Gladness. Safari hii kapokea. Nimeuliza swali la kawaida kabisa: pale chuoni nani anashughulikia ratiba? Nilitaka jina nimpelekee Boniface atulie.

Nilisikia maji yanachemka upande wake.

Kisha kajibu kwa Kiingereza chake kwamba ni yeye. Ni katibu wa timu tangu mwezi wa tisa. Hakuniambia kwa sababu sikuuliza.

Nikasema sawa. Nikamuuliza kama amekula. Nikakata. Nimekaa na simu mkononi hata sijui nilikuwa nataka kumpigia nani mwingine.

Jumatano, 19 Novemba

Wako ugenini. Sikuuliza matokeo. Boniface kaniambia: tano. Wachezaji wenyewe wanalalamika, kasema, wamechoka na barabara, na wanailaani ligi. Ligi ya watu inalaaniwa bure.

Nimekasirika. Sikasiriki sawasawa, hilo ndilo linaloniudhi. Nikianza kukasirika nakuta sijui kwa lipi. Kwa mechi? Kwa uongo wa maji? Kwa sababu alinibadilishia Jumatano zangu wakati mimi niliuza Jumapili kuzinunua?

Jumapili, 23 Novemba

Gladness kaja mwenyewe baada ya shifti yangu. Bila kuitwa. Kaleta mikate, kavua viatu mlangoni, kakaa kwenye kiti cha baba yake. Mimi naongea Kiswahili, yeye anajibu Kiingereza, ndivyo tulivyozoeana tangu alipoanza shule. Leo kila mmoja alikuwa anatafuta maneno, hata mimi.

Kwanza kasema ni kwa ajili yangu. Kwamba siku ya ile mechi ya pilau nilisinzia nimesimama, nimeegemea uzio, na mpira unachezwa. Kwamba nimekonda. Kwamba natoka kwa wazee, napikia timu mbili, nasimama kwenye baridi, kisha narudi kwa wazee. Akaona mechi zikienda mbali, mimi nitalala.

Nikamwambia angeniambia nilale.

Kasema ningekataa. Hapo hajadanganya.

Kisha nikamuuliza, ni hilo tu? Nilidhani atasema ndiyo. Hakusema ndiyo. Akaanza kulia, mtu mzima, mikono yake mikubwa ya kudakia mpira imefunika uso. Kasema wenzake huiga vigelegele vyangu kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Wanacheka. Hawana nia mbaya, wanacheka tu. Na yeye hucheka nao. Halafu akilala anajichukia. Kwamba siku ile alikula peke yake pembeni kwa sababu hakutaka kusimama karibu na sufuria.

Nikamuuliza basi lipi ni la kweli, kuchoka kwangu au aibu yake. Kasema hajui, yote mawili, siku nyingine hili, siku nyingine lile.

Nimeumia. Naandika ili nisije nikajidanganya kesho: nimeumia sana. Na bado nilimpakia mboga kwenye chombo aende nayo. Akaichukua. Mlangoni kasema mechi ya tarehe tatu ataiacha hapo hapo nyumbani, ni ya mwisho kabla ya Krismasi. Nije nikitaka. Nije tu. Nisilete kitu.

Jumanne, 25 Novemba

Nije tu. Nimelizungusha neno hilo siku nzima. Mtu anakujaje kwa wageni mikono mitupu? Mkono mtupu haulambwi. Nisimame pale nifanye nini, nihesabu mawingu?

Boniface bado anatafuta msaliti. Amefika kwa mtunza uwanja. Nimenyamaza. Nilimwambia tu kwamba tarehe tatu asilete dumu. Kauliza kwa nini. Nikasema ni utaratibu mpya. Kaitikia kwa kichwa, mambo ya utaratibu Waingereza wanayo mengi.

Jumatano, 3 Desemba

Niliamka nikajikuta nafungua kabati la mchele. Nikalifunga.

Uwanja ulikuwa mkavu. Bi Zuhura alinipungia dirishani. Nilisimama nyuma ya goli, upande wa bendera ya kona, mkoba mbele, mikono juu ya mkoba. Boniface pembeni yangu, amevaa koti la kazi, amefunga mdomo kama mtu aliyekwenda kutoa pole. Wazazi wawili wa upande wa pili walikuwa wanazungumza habari za paa la nyumba yao. Kipindi cha kwanza tulifungwa mbili. Bao la pili Gladness aliliona linakuja na hakuruka. Namjua mwanangu, mpira ule angeudaka akiwa amefumba macho. Sikusema neno.

Kipindi cha pili akaja golini upande wetu. Hatua chache tu kutoka niliposimama. Alikuwa ananipa mgongo. Mpira ulikuwa mbali kule, na huku kulikuwa na ukimya ambao sijawahi kuusikia kwenye mpira. Akageuka. Akanitazama kwa muda, mimi na mkoba wangu.

"Mama, mbona kimya?"

Kwa Kiswahili. Kwa sauti. Mabeki wake wote wawili wakageuka.

Wewe si ndiye uliyetaka? Nilitaka kumwambia hivyo. Nikafungua mdomo, kikatoka kigelegele kama sauti ya mlango mbovu. Boniface kashtuka. Cha pili kikatoka sawasawa. Cha tatu nadhani kilifika Kilburn. Boniface, kwa kukosa dumu, akaanza kupiga mlingoti wa bendera ya kona mpaka mshika kibendera akaja kumkanya.

Tumefungwa mbili moja. Ameokoa mbili za ana kwa ana, moja kwa mguu. Baada ya filimbi yule nahodha wa makengeza alinijia moja kwa moja na kuniuliza wali uko wapi. Alikuwa amekasirika kweli. Beki mmoja akasema alishinda bila kula kwa ajili hiyo. Nikamtazama Gladness. Alikuwa anafungua kamba za viatu, ameinama.

Sasa hao ndio wanaonicheka? Au hao ndio wanaonipenda? Au ni watu wale wale? Nimerudi na basi nikilifikiria hilo njia nzima na nimepitiliza kituo.

Alhamisi, 4 Desemba

Siku ya kawaida. Baridi. Bibi yangu wa kuimbiwa kaumwa kidogo, ameshapata nafuu.

Meneja kaniuliza kama nataka kurudishiwa Jumapili zangu baada ya mwaka mpya. Nimemwambia asubiri. Nilikuwa sijaona ratiba.

Jioni Gladness kaituma. Januari mechi tatu, mbili nyumbani. Chini yake kaandika: Lete kidogo.

Nimeisoma mara nyingi. Kidogo ni kiasi gani? Sufuria ndogo sina.