Wimbo wa Babu Getini pa Stesheni

Akinyi dada yangu, mrembo wa pili Usenge baada ya mimi,

Jua la huko bado linakausha omena, dagaa wetu wa ziwani? Huku Kisumu jana nilikwenda stesheni kumpokea mjomba. Alisema akishuka asiponikuta mlangoni pa behewa, kazi ya bandarini anampa mwingine. Askari wa geti akanizuia, sina tikiti.

"Mzee, babu yangu ndiye alijenga hii stesheni!"

"Kila mtu hapa babu yake alijenga. Haya, imba wimbo wao."

Nikaimba ule wa kubeba mataruma ya reli, ambao nyanya huimba akitwanga. Askari akakataa. "Hiyo ni nusu. Ubeti wa tumbo la msimamizi uko wapi?"

Mimi nishindwe? Nikautunga palepale, tumbo nikalifanya kubwa kuliko injini. Akacheka mpaka kofia ikaanguka.

"Sio huo, lakini wako ni mbaya zaidi. Pita, bwana!"

Treni ikasimama, mjomba akanikuta mlangoni, kifua mbele. Kesho naanza kazi! Muulize nyanya ubeti wenyewe unasemaje, maana alituficha. Akiona haya, mwimbieni wangu. Nawapenda nyote, hata wewe.

Otieno