Bunduki Inayogoma Alfajiri

Shume, Lushoto
14 Julai 1936

Mpendwa mpwa wangu Athumani,

Shikamoo yako ya barua iliyopita ilifika, marahaba. U mzima? Na mkeo Tatu, na watoto? Joto la Tanga bado linawachemsha? Sisi wazima, ila baridi ya mwaka huu inauma mpaka meno. Mama yako Mwanamisi yuko Mlola, goti limepoa, analima.

Safari hii siandikishi kwa mwalimu. Naandika mwenyewe, herufi zitembee zinavyotaka, maana habari hii si ya kupita kinywani mwa mtu.

Nimechukizwa, Athumani. Nguruwe mwitu wameingia viazi vyangu kama wamevirithi. Nusu wanatafuna, nusu wanakojolea. Uvundo huo! Na bunduki yangu, ile ya Mjerumani niliyoachiwa na bwana wa kahawa niliyemwindia, ikagoma. Mimi niliyeangusha nyati wawili nyika ya Mkomazi kwa risasi mbili! Navuta, inasema "tk". Nguruwe ananitazama, anaendelea kula.

Alfajiri tatu hivyo. Jirani yangu Tobia akapiga kelele toka shambani kwake: "Mzee Omari, mrushie kiazi, labda atashiba aondoke!" Jumbe naye akaja. Akasema Ijumaa ikifika hajafa nguruwe, atapeleka neno boma, bunduki na cheti apewe Tobia, maana kijiji kizima kinaitegemea hiyo moja. Tobia! Mtu anayefumba macho yote mawili akilenga. Na mimi nibaki kupiga debe la kufukuzia nguruwe.

Nikatembea mpaka Rangwi kwa Paskali, fundi chuma. Akaiweka karibu na moto wake, akaichezea, kisha akatia risasi yangu moja. Ikalia mpaka kuku wakaruka ukuta. Paskali akafuta mikono, akasema, "Mzee, chuma hiki kizima. Kilichozeeka ni kidole." Nikatema mate chini nikaondoka. Kesho yake alfajiri: "tk".

Hapo nikaitazama risasi iliyokataa. Wewe fundi cherehani, utanielewa. Ndani ya bunduki mna sindano inayosukumwa na springi, igonge kitako cha risasi. Ikigonga sawasawa inaacha shimo. Hii iliacha alama kama ya kiroboto. Nikasema springi imechoka. Nikaifungua, nikaijaribu, kali kama ujana wangu. Sindano haijakatika. Basi nikaongeza mafuta ya mkia wa kondoo, kama nilivyoipaka miaka yote. Ikazidi kugoma!

Aliyenikata maini ni mke wangu Mwanahawa. Alikuwa anakwangua sufuria ya jana, mafuta yameganda meupe kama sabuni. Akasema bila kuinua kichwa, "Ya sufuria yameganda. Ya bunduki yamekunywa chai?"

Nikamwambia mwanamke hajui bunduki. Akaendelea kukwangua. Nikaenda nyuma ya nyumba, nikaichomoa sindano. Uchafu! Mafuta ya kijivu, yana mchanga, yananuka beberu, yameikaba kama tope. Kule nyika jua liliyayeyusha. Kwa Paskali moto uliyayeyusha. Huku Shume kila alfajiri yanaganda. Na aliyeyapaka ni mimi kwa mkono wangu. Nilijichukia kuliko nguruwe.

Nikaiosha kwa maji ya moto na mafuta ya taa, nikaikausha kabisa. Alhamisi alfajiri, jumbe na Tobia wamesimama wanatazama, dume la nguruwe likaanguka kwa risasi ya kwanza, hatua themanini! Nyama akabeba Tobia, maana wao wa misheni wanakula. Akapita mbele yangu na paja begani. Jumbe hakupeleka neno.

Sasa naomba kichupa cha mafuta ya cherehani, yale mepesi. Kifunge ndani ya nguo, mleta mzigo asikione. Watu hapa nimewaambia nimebadilisha springi. Anayejua kweli ni Mwanahawa tu, na hajamwambia mtu. Ananitazama tu. Tangu Alhamisi naokota kuni mwenyewe, na jana sufuria nimekwangua mimi.

Nisalimie Tatu na mjukuu wangu Zuhura. Mungu akuzidishie wateja, na macho ya kutunga uzi mpaka uzeeni.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,
Omari Shekiondo